Mombasa Asubuhi: Mfanyakazi Anywe Chai Wapi?



Mara mbili nimetumwa kutoka Gahanga kwenda Mombasa kuhudhuria semina za vyama vya wafanyakazi, na mara zote mbili niliporudi hakuna aliyeniuliza kwanza habari za semina. Waliniuliza bahari ikoje, kisha wakaniuliza watu wa huko wanakula nini asubuhi. Kuhusu bahari sina mengi: ni kubwa, maji yake ni ya chumvi, na harufu yake inakupokea kabla hujaiona. Kuhusu chakula cha asubuhi ninayo mengi, na nimeombwa niyaandike, kwa kuwa miongoni mwenu wako madereva na utingo wanaoshuka na malori mpaka bandarini, na wako wajumbe watakaotumwa baada yangu. Asiyeujua mji hula ghali na hula vibaya.

Lakini nianze nyumbani, ili tuwe na kipimo.

Gahanga, saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ya kwenda Nyamata imekwisha kujaa watu. Wako mafundi uashi na saidia fundi wanaongoja kuchaguliwa kwa kazi ya siku. Wako wanaovuka daraja la Nyabarongo kwenda Bugesera, ambako uwanja mpya wa ndege ulianza kujengwa mwaka 2017. Ukiwauliza wamekula nini, wengi watacheka. Mwenye bahati amekunywa kikombe cha igikoma, yaani uji wetu wa mtama, kutoka kwa mama mwenye chupa ya moto kando ya barabara, pamoja na andazi moja. Wengine wanangojea melanje ya mchana, ile sahani ya wali, viazi, ndizi na maharage iliyojaa kama kichuguu. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana mtu anapandisha matofali kwa tumbo tupu, na msimamizi anashangaa kwa nini mikono inalegea saa nne. Tumeizoea hali hii mpaka tunaiona ni mila ya Kinyarwanda. Si mila. Ni mshahara.

Sasa Mombasa.

Basi hukushusha katikati ya mji, mara nyingi kabla ya jua kutoka, na miguu imevimba kwa safari ya kupitia Kampala na Nairobi. Usikubali kuongozwa na kijana wa mizigo mpaka kwenye mkahawa wenye vioo. Tembea mpaka Mwembe Tayari. Pale watu wa mabasi na wa soko huamka mapema, na mikahawa midogo huwa imekwisha kuwasha moto. Kula chapati na maharagwe, unywe chai ya maziwa yenye tangawizi, uketi mpaka kuche. Hakuna atakayekufukuza mezani ukiwa na kikombe mbele yako. Hiyo ni chai ya msafiri, inatosha siku ya kwanza.

Siku ya pili nenda feri ya Likoni, na huko ndiko nataka tukae kidogo.

Mombasa ni kisiwa. Upande wa kusini, ng'ambo ya mlango wa bahari, wanakaa maelfu ya watu ambao kazi zao ziko kisiwani: bandarini, maghalani, madukani, majumbani mwa matajiri. Kila asubuhi wanavuka kwa feri, na mwenda kwa miguu halipi kitu. Mlango wa feri unapofunguka, watu wanatoka kama maharage yanavyomwagika kutoka gunia lililopasuka, wote kwa haraka, kwa maana saa ya kuingia kazini haimngoji mtu. Kwa muda wa miaka michache liliwekwa pia daraja la kuelea kwa wenda kwa miguu kutoka Liwatoni, lililofunguliwa Januari 2021, lakini umati wa feri haukwisha. Kando ya njia ya wenda kazini ndiko wanakoketi akina mama na karai zao.

Chakula chenyewe ni mahamri kwa mbaazi. Mahamri ni ndugu wa andazi letu lakini amesoma zaidi: unga wa ngano hukandwa kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke usiku, kisha hukatwa pembe tatu na kutumbukizwa katika mafuta ya moto mpaka uvimbe na kuwa na tumbo wazi ndani. Mbaazi huchemshwa kwa muda mrefu mpaka zilainike, ndipo huungwa kwa tui zito. Unapasua hamri, unachota mbaazi, unakula. Chakula hiki kinakaa tumboni. Mtu aliyekula mahamri manne na kibakuli cha mbaazi anaweza kubeba mzigo mpaka mchana bila kutetemeka.

Mama niliyekula kwake ni mtu mzima wa miaka sitini hivi. Aliponiona nimesimama nikitazama tu, aliniita: "Karibu, baba. Wataka mangapi?" Nilimwambia manne, nikakaa kwenye benchi. Aliniambia huamka saa tisa usiku. Mbaazi zimerowekwa tangu jana, nazi amekuna mwenyewe, mkaa umenunuliwa kwa kopo. Nilipomwuliza kuhusu bei alinionyesha hamri kwenye kiganja. Alisema zamani lilikuwa likijaa kiganja. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, unga wa ngano na mafuta ya kupikia vilipanda bei kwa kishindo. Kenya hununua sehemu kubwa ya ngano yake nchi za nje, kwa hiyo moto ukiwaka kule mbali, moshi huingia katika karai la Likoni. Mama hakupandisha bei, maana wateja wake mshahara wao haukupanda. Alipunguza hamri.

"Ningefanya nini, baba? Wangekula nini?"

Nililipa shilingi 110: mahamri manne, mbaazi, na chai ya rangi. Kwa pesa zetu ni kama faranga 1,200. Hesabu hiyo sikuiacha. Kima cha chini cha mshahara tulichokuwa nacho Rwanda tangu miaka ya 1980 ni faranga 100 kwa siku, na sheria ya kazi ya 2018 ikasema kima kitawekwa kwa amri ya waziri. Najua hakuna mwajiri anayethubutu kumlipa mtu faranga 100 leo. Lakini jaribuni kugawanya: kwa kipimo kile, kifungua kinywa kimoja cha kabwela wa Mombasa ni kazi ya siku kumi na mbili. Ndiyo maana vyama vyetu havichoki kulisema jambo hili, hata wengine wakituona ni watu wa wimbo mmoja.

Pembeni mwa karai mama yule alikuwa na daftari. Ndani yake mlikuwa na majina na mistari. Wengi wa wateja wake hula kwa deni mpaka siku ya malipo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni cha deni. Mtu akipokea mshahara Ijumaa, Jumamosi amekwisha kuugawa: mwenye nyumba, mwenye duka, mama wa mbaazi. Akifukuzwa kazi ghafula, anayepata hasara ya kwanza si mwajiri. Ni mama huyu. Nilimwuliza kama wako waliowahi kumkimbia. Alisema wako, lakini wengi hurudi hata baada ya miezi. Nadhani hakuna benki inayoweza kusema hivyo kuhusu matajiri wake.

Nisipite pale feri bila kutaja jambo moja. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, ilipinduka ikiwa imejaa watu wanaovuka kwenda kisiwani. Walikufa watu 272. Wengi walikuwa wakienda kazini. Wazee wa pale wakikuona mgeni unakimbilia feri watakushika mkono wakuambie ngoja inayofuata. Wasikilize. Ongeza kikombe kingine cha chai, utavuka tu.

Asubuhi ya tatu nilikwenda Shimanzi, na hapa nawaomba wenzetu wa mashamba ya chai wasome polepole.

Ninyi mnaochuma Mulindi, Gisovu, Kitabi au Pfunda mnajua majani yanaondoka kiwandani kwa lori. Mnajua yanakokwenda? Mengi hushuka mpaka Mombasa. Huko kuna mnada wa chai wa Afrika Mashariki, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Kila juma wanunuzi hununua humo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kwingineko, kwa dola, na chai ya Rwanda mara nyingi hupata bei za juu kabisa. Chai tulianza kuipanda mwaka 1952, na leo jina lake ni kubwa pale. Kabla na baada ya kuuzwa huwekwa katika maghala makubwa, Shimanzi na upande wa Changamwe, na wanaoingiza na kuitoa mifuko ile ni makuli.

Nilikula pamoja na makuli hao katika kibanda cha mabati karibu na maghala. Hawakula mahamri. Walikula mihogo ya kuchemsha, viazi karai (viazi vilivyopakwa unga wa rangi ya manjano vikakaangwa) na ukwaju wa pilipili, wakateremshia na chai nzito. Walipojua natoka Rwanda mmoja alisema, "Rwanda twaijua kwa mgongo." Akaanza kunitajia majina yaliyopigwa mhuri juu ya mifuko: Gisovu, Rukeri, Mulindi. Aliyatamka kwa lafudhi ya pwani, lakini yalikuwa ni majina ya milima yetu. Hajapata kufika Rwanda. Ameibeba tu.

Niliuliza kama chai tunayokunywa pale kibandani ni ile ya ghalani. Walicheka sana. Ile nzuri haibaki. Inapanda meli. Kibandani hunywewa ya pakiti, vumbi la bei ya chini. Basi tazameni jambo lilivyo: mama anaichuma Gisovu tangu alfajiri, akiwa na njaa, analipwa kwa kilo, kuli anaibeba Shimanzi akiwa amekula mhogo kwa deni, na hakuna kati yao aliyeionja chai hiyo. Nimezunguka katika kazi ya chama miaka mingi nikijaribu kueleza katika mikutano maana ya faida inayokwenda kwingine. Sikupata mfano uliokuwa wazi kama benchi lile.

Makuli wa Mombasa si watu wa kulala. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waliacha kazi, bandarini na kwenye reli, na hata wapishi na watumishi wa nyumbani wakajiunga. Mgomo ulidumu karibu majuma mawili. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini mbali na mji. Kuhusu wapishi hao huwa najiuliza: asubuhi ya kwanza ya mgomo, katika nyumba za mabwana, ni nani aliyechemsha maji? Madai yao yalikuwa mshahara na gharama ya maisha, na gharama ya maisha ya mtu maskini sehemu yake kubwa ni chakula.

Kuhusu Changamwe nitasema kwa ufupi. Madereva mnaijua kuliko mimi. Vibanda vya chakula vipo kando ya barabara kuu, chapati nzuri, supu ya mifupa kabla jua halijawa kali. Lakini vingi vilifungwa baada ya mwaka 2018, reli mpya ilipoanza kubeba makontena na mizigo mingi ikaamriwa kupita humo. Malori yalipopungua, sufuria zilikosa walaji. Mwaka 2022 serikali mpya ya Kenya ilitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini Mombasa. Waliofilisika hawakurudi wote.

Mji wa Kale uende Jumapili, ukiwa na nafasi. Ukitoka Ngome ya Yesu, ile waliyoijenga Wareno kuanzia mwaka 1593, ingia katika vichochoro vya Kibokoni. Utakuta vitumbua, vibibi vya unga wa mchele, mkate wa mofa, na wazee barazani wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo kuliko yai la kuku. Kahawa hiyo usiinywe kama chai. Unakunywa kidogo, unauma kipande cha kashata au halua, unasikiliza habari. Mwezi wa Ramadhani usiende kutafuta chai ya asubuhi huko, ni kuwavunjia watu heshima. Mwezi huo kula daku au futari pamoja nao, na utakaribishwa.

Imebaki hoteli ya semina. Jina sitalitaja. Ilikuwa ufukweni, na asubuhi meza ilipangwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine: mayai ya namna nne, matunda, nyama za makopo, mikate ambayo sikujua majina yake. Siku ya kwanza nilikula kama kila mtu, sioni haya kulikiri. Mwenye njaa hana miiko. Siku ya pili nilimwuliza kijana aliyekuwa akinimiminia chai amekula nini. Akatazama kwanza kama msimamizi yuko karibu. Akasema ameondoka nyumbani saa kumi usiku, na watumishi hupewa chakula saa tano, vyombo vya wageni vikishaoshwa. Sisi tulikuwa tumekaa pale kuzungumza juu ya hali bora za kazi! Tulilileta jambo lile katika kikao cha mchana. Baadhi ya wajumbe waliona ni utovu wa adabu kwa wenyeji wetu. Wengine tuliona afadhali utovu wa adabu.

Katika kikao hicho ndugu mmoja wa Kenya alitufungulia sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 33. Kinasema mwajiri atamlisha mfanyakazi ipasavyo, kwa gharama yake mwajiri, pale ambapo chakula kimekubaliwa waziwazi katika mkataba. Someni tena: pale ambapo kimekubaliwa. Kisipoandikwa, hakipo. Kikombe cha uji anachotoa mwajiri mwema kwa hiari yake, mwajiri anayemfuata atakiondoa kwa hiari yake vilevile, na hutakuwa na pa kushtaki. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa pendekezo namba 102 la mwaka 1956 juu ya huduma kwa wafanyakazi, na ndani yake yametajwa mabanda ya chakula kazini. Pendekezo si sheria. Lakini Rwanda ni mwanachama wa Shirika hilo tangu 1962, na mwajiri akikuambia kuwa chakula kazini ni wazo jipya la wakorofi, unayo tarehe ya kumjibu.

Kwetu wako watakaosema kwamba kampuni ni ndogo, haziwezi. Nimefanya hesabu pamoja na mama mmoja anayeuza igikoma hapa Gahanga. Kikombe kimoja cha uji wa mtama wenye sukari kidogo, ukipika kwa watu mia kwa pamoja, kinashuka bei sana kuliko anavyouza yeye kimoja kimoja. Yuko tayari kupika. Ana sufuria mbili kubwa na anaweza kuazima ya tatu. Watoto wetu shuleni wanakula mchana kwa mpango wa serikali uliopanuliwa nchi nzima mwaka 2021, na hakuna anayesema wanadekezwa. Baba yao anayepandisha matofali naye ana tumbo.

Mkutano wa tawi letu utakuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada. Ajenda ya kwanza ni michango. Ya pili ni uji wa saa nne: kikombe kimoja, dakika kumi na tano zisizokatwa katika malipo, na maneno yenyewe yaandikwe katika mapatano kabla ya msimu wa mvua. Mama wa igikoma atakuwapo kueleza hesabu yake. Nimemwomba aje na sufuria.